Kujiandaa kwa Shindano la Kwanza la Kutunisha Misuli Ukiwa Dodoma

Kijana akishanyanyua vyuma kwa miaka miwili au mitatu bila kukatisha, watu wa mtaani huanza kumwambia kwamba sasa apande jukwaani. Husifiwa kifua, husifiwa mikono, naye huanza kuamini kwamba kilichobaki ni kuongeza kilo chache na kusubiri tangazo la shindano. Hapo ndipo wengi wanapopotea njia. Shindano la kutunisha misuli halipimi nguvu za mtu, wala halimtafuti mwenye mkono mnene kuliko wenzake. Waamuzi hutazama mwili mzima kuanzia shingoni hadi kwenye vigimbi, wakipima ukubwa wa misuli, ulinganifu wa sehemu moja na nyingine, na jinsi misuli inavyoonekana kuchorwa chini ya ngozi, jambo ambalo vijana wa jimu hulisema kwa neno moja: kukatika.

Jambo hili lina umri mrefu. Eugen Sandow, anayehesabiwa baba wa mchezo huu, alipoandaa shindano lake kubwa katika ukumbi wa Royal Albert Hall, London, mwezi Septemba 1901, mwandishi Arthur Conan Doyle akiwa mmoja wa waamuzi, ukubwa wa misuli haukuwa kigezo pekee. Uwiano wa mwili nao ulipimwa. Miaka mingi baadaye Mmarekani Frank Zane alitwaa taji la Mr. Olympia, shindano kubwa la dunia la kutunisha misuli, mara tatu mfululizo, 1977, 1978 na 1979, akiwa na uzito usiofika kilo 90, na miongoni mwa aliowashinda walikuwamo wanaume waliomzidi unene kwa mbali. Namtaja kwa sababu vijana wengi wa kwetu wana mifupa myembamba na viuno vidogo, nao hujiona hawafai, ilhali kiuno kidogo ni mtaji ambao mwenye umbo nene hawezi kuununua.

Mwongozo huu unamhusu mtu anayepanda jukwaani kwa mara ya kwanza, aliyekwisha kufanya mazoezi ya vyuma kwa miaka isiyopungua miwili. Kabla ya yote, nenda hospitali ukapime shinikizo la damu, sukari, na hali ya figo na ini. Mwenye tatizo la figo hapaswi kuongeza protini bila daktari wake kujua, na mwenye shinikizo la juu la damu yumo hatarini kila anapobana pumzi kwa kukaza mwili. Aliye chini ya miaka 18 aendelee na mazoezi, lakini kukausha mwili kwa ajili ya jukwaa, yaani kupunguza mafuta hadi misuli ionekane, asubiri nako hadi akue.

Anza na tarehe, kisha hesabu kurudi nyuma

Usianze kupunguza chakula kabla hujaijua tarehe ya shindano. Tafuta kwanza waandaaji, uwaulize kama chama chao kimesajiliwa kwa Msajili wa vyama vya michezo aliye chini ya Baraza la Michezo la Taifa. Ukishindwa kuwapata, afisa michezo wa jiji au wa wilaya yako ni mahali pazuri pa kuanzia. Omba kanuni zilizoandikwa, uzisome mwenyewe, usitegemee za kuambiwa. Unachotaka kukijua ni makundi ya uzito au ya kimo, saa ya kupima uzito, vazi linalokubalika, muda wa onyesho la muziki, na kama washindani watapimwa dawa zilizokatazwa. Shindano likiwa Dar es Salaam, treni ya mwendokasi iliyoanza safari zake za Dodoma mwaka 2024 imeondoa taabu ya kukaa ndani ya basi kutwa nzima huku miguu ikivimba, na kwa mshindani hilo si jambo dogo.

Chagua pia kundi linaloufaa mwili wako. Kundi la kutunisha misuli la kawaida hutaka mwili mzima, mapaja na vigimbi vikiwamo, na huchezwa kwa vazi dogo. Lipo kundi la wanaume wanaovaa bukta ndefu, ambamo mapaja hayahukumiwi kwa ukali ule, na linawafaa wenye mabega mapana na kiuno chembamba. Lipo pia kundi la umbo la kale, ambamo uzito wa mshindani huwekewa kikomo kulingana na kimo chake. Wanawake nao wana makundi yao, mengine yakitafuta misuli iliyokomaa na mengine umbo laini zaidi. Kwa kuwa mavazi ya jukwaani huacha wazi sehemu kubwa ya mwili, namshauri mshindani, mwanamke au mwanamume, azungumze na wazazi au mwenzi wake mapema. Nimeona kijana akijitoa siku mbili kabla ya shindano kwa sababu baba yake ndiyo kwanza aliiona ile nguo, na miezi minne ya jasho ikaishia hapo.

Sasa fanya hesabu. Chukua mfano wa kijana mwenye kilo 82 anayekadiria kwamba akikauka vizuri atabaki na kilo 75. Ana kilo 7 za kupunguza. Kasi iliyo salama kwa misuli ni kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya uzito wa mwili kwa juma, ambayo kwake ni kati ya gramu 400 na 800. Akipunguza nusu kilo kwa juma atahitaji majuma 14, na kwa kuwa maisha yana malaria, misiba na safari za kikazi, aongeze majuma mawili ya akiba ili yawe 16. Anayetaka kupunguza kilo hizo zote kwa mwezi mmoja atazipunguza kweli, ila sehemu kubwa ya kitakachoondoka itakuwa ile misuli aliyoijenga kwa miaka mitatu. Kwa Mwislamu, ni busara kuangalia kalenda kwanza, maana majuma ya mwisho ya maandalizi yakiangukia ndani ya Ramadhani ni bora kuchagua shindano jingine la mwaka huo.

Chakula cha hapa hapa

Juma la kwanza usipunguze chochote. Nunua mizani ndogo ya jikoni, upime na kuandika kila unachokula, na kila asubuhi baada ya kutoka msalani upime uzito wako kabla ya kunywa kitu. Mwisho wa juma jumlisha namba zote saba uzigawe kwa saba. Wastani huo ndio uzito wako wa kweli, kwa sababu namba ya siku moja hupanda na kushuka kwa chumvi ya jana, kwa maji na kwa haja kubwa, na mtu anayeifuata siku kwa siku huishia kufurahi Jumanne na kukata tamaa Jumatano pasipo sababu. Mara moja kwa juma pima kiuno kwa futi kamba usawa wa kitovu. Kiuno kikipungua huku uzito ukiganda, mambo yanakwenda vizuri.

Protini ndiyo ya kulindwa. Kiasi kinachofaa ni takriban gramu 2 kwa kila kilo ya uzito, kwa hiyo mtu wa kilo 80 anahitaji gramu kama 160 kwa siku. Kiasi hicho kinapatikana sokoni Majengo au Sabasaba bila kugusa kopo hata moja la unga wa protini. Mayai manne ya asubuhi hutoa gramu 24 hivi. Steki ya ng'ombe ya gramu 200 ikishapikwa hutoa karibu 54. Nusu lita ya mtindi hutoa 16 au 17. Samaki wa bwawa la Mtera wa gramu 200 baada ya kupikwa, asiyekaangwa, hutoa kama 50. Na kikombe cha maharage yaliyochemshwa huongeza 15. Jumla inagonga 160. Asiye na uwezo wa steki kila siku atumie dagaa wakavu, ambao zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, ila waoshwe vizuri kwa maji ya moto kwa sababu ya mchanga na chumvi.

Wanga usiuogope. Ugali wa uwele au wa mtama, wali wa mchele wa Bahi, viazi vitamu vinavyopangwa kwa mafungu kando ya barabara pale Gairo, vyote ni chakula cha mshindani. Kinachobadilika ni kipimo. Weka sehemu kubwa ya wanga kabla na baada ya mazoezi, na uupunguze kidogo kidogo kadiri majuma yanavyosonga. Mlenda, ambao baadhi ya vijana wa mjini wanauonea haya kama chakula cha bibi kijijini, ni msaada mkubwa katika kipindi hiki kwa sababu hujaza tumbo na kulainisha choo ilhali una kalori chache, mradi usiungwe kwa karanga nyingi.

Mahali ambapo mlo huharibika bila mwenyewe kujua ni kwenye mafuta. Kanda yetu ni ya alizeti, mafuta ya Singida na ya hapa Dodoma hayakosekani jikoni, na mama akipika humimina kwa jicho. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina takriban kalori 120, na vijiko vinne vinavyoingia kwenye mchuzi bila kuhesabiwa vinatosha kufuta upungufu wote uliokusudia kuupata siku hiyo. Ongea na mpishi wa nyumbani kwa heshima, umweleze unachokifanya na kitaisha lini. Ukimwambia, "Mama, nina majuma kumi na sita tu, naomba mchuzi wangu uniwekee pembeni kabla ya kuunga," atakuelewa. Ukisusa chakula kimyakimya atadhani unaumwa au umeanza dharau.

Anza kwa kupunguza kalori kati ya 300 na 500 kwa siku kutoka kwenye kile ulichokuwa ukila. Wastani wa uzito ukiganda kwa majuma mawili, punguza tena kidogo au ongeza mwendo wa miguu. Kutembea kwa kasi dakika 40 alfajiri kwenye miinuko ya Chuo Kikuu cha Dodoma au kandokando ya vilima vya Mlimwa hufanya kazi nzuri bila kuchosha magoti.

Vyuma vibaki vizito

Kosa la kale ambalo bado linafundishwa ni kwamba ukikaribia shindano upunguze uzito wa vyuma na kuongeza marudio mengi ili misuli "ichongeke". Mafuta hayaondoki mahali unapopafanyia zoezi. Yanaondoka kwa upungufu wa chakula, mwili mzima, kwa mpangilio wa maumbile yako. Chuma kizito kilichojenga msuli ndicho kinachouambia mwili kwamba msuli huo bado unahitajika. Fanyia kila kundi la misuli kazi mara mbili kwa juma, jumla ya seti 10 hadi 20 zenye juhudi ya kweli (seti ni marudio yanayofuatana bila kupumzika), na nguvu zikianza kushuka katika majuma ya mwisho punguza idadi ya seti kabla hujapunguza uzito.

Wengi wetu tunafanyia mazoezi katika jimu za mtaani, ambako vyuma vingine ni zege lililomiminwa ndani ya makopo ya rangi na kuunganishwa kwa bomba. Sioni aibu yoyote katika hilo, msuli hausomi chapa ya kiwandani. Tatizo ni kwamba makopo mawili yanayofanana huweza kupishana kwa kilo mbili au tatu, na mtu akiyatumia kwa mwaka mzima bega moja hubeba zaidi ya jingine. Dawa yake ni rahisi: bebeni makopo yote siku moja hadi kwenye mashine ya kusaga, mumwombe mwenye mizani ya magunia awapimie, kisha muandike uzito kwa rangi juu ya kila kopo. Jimu yetu tulipofanya hivyo, kijana aliyekuwa akilalamika kwamba kifua chake cha kushoto kimelala aligundua sababu yake asubuhi ileile.

Kuhusu miguu nitasema kwa kifupi kwa kuwa hakuna njia ya mkato. Mshindani mwenye kifua kipana juu ya mapaja membamba huonekana hivyo mara tu anapogeuka upande, na hakuna pozi linaloficha. Kuchuchumaa na chuma mabegani, kunyanyua chuma kutoka chini, na kuinuka kwa ncha za vidole kwa ajili ya vigimbi, vyote vipewe siku zao kama kifua kinavyopewa.

Mapozi ndiyo shindano lenyewe

Mshindani hukaa jukwaani kwa dakika chache, na katika dakika hizo hanyanyui kitu. Anasimama, anageuka, anakaza. Kwa hiyo yule aliyefanya mazoezi ya vyuma miaka mitano na mazoezi ya mapozi siku tano huhukumiwa kwa zile siku tano. Mapozi yaanze majuma 12 kabla ya shindano, dakika 15 kila siku, na katika mwezi wa mwisho yafike nusu saa. Mwanzoni utashangaa jinsi yanavyochosha. Kukaza mwili mzima kwa sekunde 30 huku uso umetulia hutoa jasho sawa na seti nzito.

Kwanza ni mizunguko. Mwamuzi mkuu huwaamuru washindani wasimame wakitazama mbele, kisha wageuke robo mzunguko kuelekea kulia, na tena, na tena, hadi warudi walipoanzia. Vijana huuita msimamo huu wa kupumzika, lakini hakuna kupumzika humo: visigino vimekaribiana, mapaja yamekazwa, kifua kimeinuliwa, mbawa za mgongo zimefunguliwa kidogo, tumbo limeingia ndani. Waamuzi wengi huanza kuandika namba zao hapa, wakati mshindani mgeni anafikiri kazi bado haijaanza.

Kisha yanakuja mapozi saba ya lazima kwa kundi la kutunisha misuli la wanaume. La kwanza ni mikono miwili kwa mbele: mguu mmoja unasogezwa mbele na kando kidogo, mikono inainuliwa hadi usawa wa mabega, viwiko vinakunjwa, ngumi zinaelekea chini, na mwili wote unakazwa kuanzia chini kwenda juu. Wengi hukaza mikono wakasahau mapaja. La pili ni mbawa kwa mbele, ambapo ngumi huwekwa kiunoni na viwiko husukumwa mbele taratibu hadi mgongo uonekane umetoka kila upande kama joho lililofunguliwa. La tatu ni kifua kwa upande. Chagua upande wako ulio bora, kunja goti la mguu ulio karibu na waamuzi na usimamie vidole ili kigimbi kipande, kisha shika kiganja cha mkono wa upande huo kwa mkono wa pili na ukandamize ili kifua kijae.

La nne na la tano ni yaleyale mawili ya kwanza, ila kwa mgongo, na hapa mguu mmoja hurudishwa nyuma ukisimamia vidole. Nyuma ndiko wanakopoteza wengi, kwa sababu mtu hauoni mgongo wake na hivyo haujui. Mwombe mwenzako akupige picha ya video kwa simu kila Jumapili, mahali palepale na saa ileile, ukaitazame bila huruma. La sita ni mkono wa nyuma kwa upande, mikono yote miwili ikiwa imefungwa nyuma ya mgongo, mmoja umeshika mwenzake, na ule wa mbele umenyooshwa kwa nguvu ili msuli wa nyuma ya mkono uchorwe kama kiatu cha farasi. La saba ni tumbo na mapaja: mikono nyuma ya kichwa, mguu mmoja mbele, unatoa pumzi yote kisha unakunja tumbo kuelekea chini. Hili lifanyiwe mazoezi zaidi ya mengine, kwa sababu mtu aliyechoka husahau kutoa pumzi na tumbo hubaki limevimba.

Kioo ni cha lazima mwanzoni, baadaye ni adui. Nilikuwa na kijana mmoja tuliyefanya naye mazoezi Chang'ombe, aliyetumia kipande cha kioo cha kabati kilichoegemezwa ukutani. Kwa kuwa kioo kilikuwa kifupi, alizoea kuinama kidogo ili ajione kichwa, na siku ya shindano alikuwa ameinama vilevile mbele ya watu wote. Katika mwezi wa mwisho geuka, upe kioo mgongo, na mwenzako akae mbele yako kwenye kiti akiita mapozi kwa sauti bila mpangilio maalumu, kama mwamuzi atakavyofanya. Azoee kukuacha kwenye pozi moja hadi miguu itetemeke.

Onyesho la muziki kwa kawaida ni la dakika moja au zaidi kidogo. Chagua wimbo wenye mapigo unayoyasikia hata kwenye spika mbovu, uweke nakala mbili, moja kwenye simu na nyingine kwenye flashi, na upange mapozi manane au kumi unayoyamudu badala ya ishirini ya haraka haraka. Anza na pozi zuri, malizia na lililo bora kabisa, na yale dhaifu yaache nyumbani kwa kuwa hapa hakuna anayekulazimisha.

Juma la mwisho

Nataka niseme jambo hili kwa uzito wote nilionao: usiache kunywa maji. Imani kwamba mshindani akikaa na kiu siku mbili ngozi itakuwa nyembamba na misuli itatokeza imeenea mno, nami niliifuata katika shindano langu la kwanza. Tangu jana yake nilikuwa nikilowesha midomo tu. Asubuhi nilijitazama nikaona nimekuwa bapa, mishipa imepotea, na nilipoingia kwenye pozi la kifua kwa upande kigimbi kilikakamaa nikashindwa kusimama. Sababu yake ni rahisi kuieleza. Takriban robo tatu ya msuli ni maji, na kila gramu ya wanga inayohifadhiwa ndani yake huambatana na gramu kama tatu za maji. Ukiyaondoa, kinachosinyaa ni ule msuli unaotaka kuuonyesha.

Kunywa kama ulivyozoea hadi usiku wa mwisho, na siku yenyewe kunywa kidogo kidogo. Chumvi nayo usiifute. Siku mbili za mwisho ongeza wanga, wali na viazi vitamu, huku ukipunguza mboga zenye nyuzinyuzi nyingi na maharage ili tumbo lisijae gesi. Usile chakula ambacho hukukila katika majuma 16 yaliyopita, hata kama kimetolewa bure hotelini.

Dawa za kuondoa maji mwilini usiziguse. Mwaka 1992 Mohammed Benaziza, mmoja wa washindani bora wa wakati wake, alifariki saa chache baada ya kushinda shindano nchini Uholanzi, na kifo chake kilihusishwa na dawa hizo na ukosefu wa maji mwilini. Dawa hizi huvuruga madini ya potasiamu katika damu, na moyo hauna subira na jambo hilo. Steroidi, yaani dawa za homoni za kukuza misuli, nazo huletwa jimu zikiwa zimefungwa kwenye karatasi na kuuzwa na mtu asiyeweza hata kueleza zimetoka wapi. Hupandisha shinikizo la damu, huunenepesha msuli wa moyo, hupunguza mbegu za mwanamume, na kwa mwanamke hukwaruza sauti kiasi ambacho haiwezi kurudi. Aina zote mbili zimo katika orodha ya dawa zilizokatazwa ya Shirika la Dunia la Kupambana na Dawa Haramu Michezoni, WADA. Kijana wa mara ya kwanza hana sababu hata moja ya kuzitumia, kwa kuwa bado hajaufikia ukomo wa mwili wake mwenyewe.

Ngozi, rangi na vazi

Wengi huuliza kwa nini mtu mweusi apakwe rangi. Taa za jukwaani ni kali, huipa ngozi mng'ao mweupe unaofuta vivuli kati ya msuli na msuli, na rangi nzito husaidia vivuli hivyo visomeke kutoka walipokaa waamuzi. Kwa hapa kwetu kuna shida ya ziada, kwa maana kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa baridi na vumbi hukausha ngozi hadi ikapauka na kuchanika magotini, na rangi ikipakwa juu ya ngozi ya namna hiyo hushika kwa mabaka. Paka mafuta kila siku kwa mwezi mzima, sugua visigino, magoti na viwiko, kisha acha mafuta siku moja kabla ya kupaka rangi ili isiteleze. Nyoa nywele za mwili siku mbili kabla, usinyoe asubuhi ya shindano.

Rangi ipakwe tabaka nyembamba mbili au tatu, usiku wa kuamkia shindano na tena asubuhi, na mtu mwingine akupake mgongoni. Vaa nguo nyeusi pana, ulale juu ya kanga kuukuu, na uende nayo kanga hiyo ukumbini kwa ajili ya kukalia, maana rangi inahamia kwenye kila kiti. Usioge. Ukienda haja, angalia maji yasikuchirizikie mapajani.

Siku yenyewe

Fika mapema kwenye upimaji wa uzito, ukiwa na kitambulisho na chakula chako ndani ya kontena. Baada ya hapo kazi yako ni kukaa kitako, miguu imeinuliwa, na kula wanga kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Ratiba zetu huchelewa. Shindano lililotangazwa saa nane mchana huweza kuanza jioni, hivyo beba chakula cha kukutosha hadi usiku.

Dakika 20 kabla ya kuitwa, anza kujaza damu misulini kwa mpira wa kuvuta, pushapu na dambeli nyepesi, ukilenga mabega, mgongo na mikono. Mapaja yaache, yakijaa damu hupoteza michoro yake. Paka mafuta kidogo sana juu ya rangi. Ukishapanda, kumbuka kwamba unatazamwa tangu hatua ya kwanza hadi uondoke, hata wakati mwenzako ndiye anayeitwa katikati, na yule anayelegea kiuno huku akisubiri zamu yake huonwa na mwamuzi aliyekaa pembeni. Mwamuzi mkuu akikuita katikati pamoja na wawili au watatu, mnalinganishwa. Shika pozi hadi aseme basi, usimtazame jirani.

Kila mwamuzi hutoa nafasi, ya kwanza, ya pili na kuendelea, na nafasi hizo hujumlishwa, hivyo mwenye jumla ndogo ndiye mshindi. Mara nyingi namba za juu kabisa na za chini kabisa huondolewa kwanza ili mwamuzi mmoja asiweze kumbeba wala kumwangusha mtu. Matokeo yakitangazwa, mpe mkono kila uliyesimama naye, kisha mfuate mwamuzi mkuu kwa adabu umwombe karatasi ya alama na maneno mawili matatu kuhusu mwili wako. Wengi wao hupenda kuulizwa. Andika atakachosema palepale, kabla ya simu na picha, kwa kuwa kesho hutakumbuka kama alisema mapaja au vigimbi.

Usiku huo kula unachokitamani, mlo mmoja. Kuanzia asubuhi inayofuata rudi kwenye mizani na daftari, ukiongeza chakula kidogo kidogo kila juma kwa mwezi mmoja hadi miwili, kwa sababu mwili uliokaushwa hurudisha mafuta upesi kuliko ulivyoyaacha, na nimeshuhudia watu wakiongeza kilo kumi ndani ya majuma mawili na kuvimba vifundo vya miguu. Lala vya kutosha, punguza vyuma kwa juma zima, kisha fungua ukurasa mpya wa daftari na juu yake nakili yale maneno ya mwamuzi, ili ratiba ya mazoezi ya mwaka unaofuata ianzie hapo.